Alama Zimemchanganya Baba

Nyumbani,
Jumapili asubuhi, 9 Machi.

Mpendwa kaka,

Natumaini mko wazima, wewe, wifi na wale pacha wangu. Baridi ya huko imepungua? Na kile kifua chako je? Sisi huku tunapumua, ila nyumba imepoa.

Nakuandikia kuhusu Baba. Ameacha kufundisha.

Unajua alivyokuwa akitueleza kwamba katika hesabu alama moja hubadili kazi kila inapohama tawi. Vile vijistari viwili vilivyosimama: vikibana namba, vinaiondolea hasi, vikibana seti, vinauliza wamo wangapi, vikibana matriki, lile jedwali la namba, vinataka uzidishe na kutoa mpaka ibaki namba moja. Ndiyo maana kila kipindi alikianza kwa kuwauliza wanafunzi, "Tuko wapi leo?" Wamtajie tawi kwanza, ndipo ashike chaki.

Mwezi uliopita mkuu wa chuo alinitoa kwenye kazi yangu ya maktaba, tukasimama mlangoni mwa darasa la Baba. Baba alikuwa ameandika matriki katikati ya vijistari. Akaanza kufuta hasi za ndani, moja baada ya nyingine, kama vile anashughulika na namba tupu. Darasa likacheka, likidhani anawapima. Akarudi nyuma, akautazama ubao, akauliza taratibu, "Tuko wapi?"

Wanafunzi wakamjibu kwa pamoja kwamba wako kwenye matriki. Akauliza tena. Safari hii alikuwa akizitazama kuta na madirisha, nikajua haulizii tawi. Nikaingia, nikamshika, tukatoka.

Daktari anasema ni ugonjwa wa kusahau, na dawa zitauchelewesha tu. Mkuu ni muungwana, hajabandua jina la Baba mlangoni. Mchana Baba hukaa mezani akiandika alama, kwa mwandiko uleule mzuri, lakini mstari mmoja haujui mwenzake unasema nini.

Mama mdogo amehamia hapa na cherehani yake ili anisaidie. Mimi nimekonda, ukiniona usishtuke.

Kaka, omba ruhusa kazini uje. Jana nilimwonyesha Baba picha yako ya harusi. Aliitazama kwa makini, akamsifia bwana harusi.

"Kijana mtanashati," akasema. "Baba yake ni nani?"

Nisalimie wifi, nibusie pacha. Mama mdogo anakuombea kila akiinamia kitambaa. Mungu akufungulie njia mapema, ufike Baba angali nasi.

Ndimi dada yako, nikupendaye siku zote.