Amina ya Wifi Yako

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Sisi tupo. Mvua imetuacha salama, isipokuwa paa la jikoni ambalo limerudia tabia yake.

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya, nawe umelifanya katika barua yako, ni kudhani kwamba anayeuguza miaka mingi bila kulalamika ana imani. Huenda amezoea tu, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Umeniandikia kwamba tangu shemeji apoteze macho kiwandani umeshindwa kusali, kwamba hasira inakukaba kooni, na kwamba ukinifikiria mimi unajionea aibu. Nivumilie nikueleze, unajua ualimu haujanitoka.

Wifi yako, tangu kiharusi kilipomlaza, amebakiwa na neno moja tu, Amina. Daktari alisema tusitarajie kwamba anaelewa tunayosema. Kila asubuhi namgeuza ubavu, namfuta mgongo kwa maji ya uvuguvugu asipate vidonda, nambadilisha shuka, namlisha kwa kijiko kidogo. Kisha namshika mkono tunasali. Fundi cherehani wa mlango wa pili hunisikia dirishani, naye huwatangazia wateja wake kwamba mwalimu huyu ataingia peponi bila kupanga foleni. Nami, nisikufiche, nikijua ana wateja huwa napandisha sauti kidogo.

Enzi za afya yake wifi yako alikuwa akinitania kwamba nasali kama ninayesoma ratiba ya mitihani. Afadhali ingekuwa ratiba! Dua za kumwombea apone zilipopita bila jibu, maneno yaliniishia, nikabaki na sauti. Kwa sauti ileile ya ibada nikawa nasema kwamba sabuni imekwisha, bomba limekauka, paa linavuja. Yeye anaitikia, Amina. Nilijiambia kwamba huyu haelewi na Mungu hasikilizi, hivyo simkosei mtu.

Wiki iliyopita viongozi wa ibada waliniomba niwafundishe watu saburi. Nikakubali, tena kichwa kimenivimba. Kurudi nyumbani, nikakuta shuka nililotoka kulitandika limechafuka. Nikalibadilisha huku nimeuma meno. Nikamshika mkono, nikasema taratibu, kwa sauti ya dua, kwamba nimechoka naye, achukuliwe nipumzike.

Hakuitikia.

Nilipoinua uso nikaona machozi yanamteremka hadi sikioni, na ananitazama mimi, si dari kama kawaida yake. Ndipo nilipojua kwamba alikuwa akielewa siku zote. Sabuni, bomba, paa, vyote aliviombea kwa moyo wake wote, ilhali mimi nafanya mchezo. Nilitamani ardhi inimeze. Nikalaza uso kwenye godoro, nikamwambia Mungu kwa sauti yangu hii mbovu kwamba namkasirikia, naogopa, sijui nitaishije na kitanda hiki wala nitaishije bila aliyelala juu yake. Nikahisi mkono wake ule mzima ukinigusa kisogoni. Akasema, Amina.

Saburi sikwenda kuifundisha. Viongozi niliwaeleza sababu, na mambo kama hayo hayakai siri. Sasa fundi cherehani ananisalimu kwa adabu yenye mashaka.

Kwa hiyo, mdogo wangu, huyo kaka uliyekuwa ukijipima naye hayupo. Wewe umenyamaza kwa kuogopa kumdanganya Mungu. Mimi nimemdanganya kila asubuhi, dirisha likiwa wazi. Nimeona haya kukuandikia haya, lakini ningeona haya zaidi kukuacha umkimbie Mungu kwa sababu ya sifa zangu za bandia. Ila usinyamaze sana. Ukimya nao unazoeleka kama sauti yangu ilivyozoeleka, na mimi sijui ningekuwa wapi leo kama asingekuwapo mtu wa kuniitikia.

Mwambie shemeji nitakuja kumtembelea pindi nikipata wa kukaa na mgonjwa. Watoto waambie mjomba wao hajawasahau. Barua hii nimemsomea wifi yako yote, hata mahali panaponiumbua, naye ameitikia mwishoni.

Leo, kabla hujawasha jiko, mshike shemeji mkono, umwambie Mungu kwa sauti jambo lilelile linalokukaba.

Kaka yako