Nyumba Tatu za Ng'ambo ya Korongo

Jumanne, 8 Aprili

Tuko hai! Wote. Nimehesabu mara mbili kwa rejista ya kijiji — hakuna aliyepotea. Alhamdulillahi, wanasema wenzangu hapa. Na mimi nasema Deo gratias, Mungu ashukuriwe, kama mama.

Naandika nimekaa sakafuni, darasa la tatu. Mto Mbwemkuru ulipanda alfajiri. Saa moja asubuhi bonde lote lilikuwa maji. Nyumba thelathini na moja zimelala. Mpunga umekwenda. Lakini watu walishahamia huku shuleni tangu jana jioni, na magodoro, na kuku, na sufuria zao. Ni ile meseji ya tahadhari kutoka wilayani. Nilipoipata tu nilimpelekea imamu akatangaza, katekista akazunguka kwa Wakristo, mimi na Shaban, mwenyekiti wa kitongoji cha bondeni, tukagonga mlango kwa mlango.

"Mtendaji umetuokoa." Kila anayepita! Miezi minane hapa nilikuwa "yule mtoto wa Nachingwea". Leo ndiyo nimekuwa mtendaji wa kijiji.

Mzee Kaimu na mkewe, Bi Nasma, walikutwa juu ya mkorosho, ng'ambo ya korongo. Muda wa saa sita nzima juu ya mti. Nilipiga simu wilayani mpaka chaji ikabaki kidogo kabisa, wakaleta boti ya zimamoto juu ya lori. Mchana wakashushwa. Mzee amechanika mguu. Bi Nasma anatetemeka, hasemi. Wamepelekwa hospitali, Ruangwa mjini.

Basi. Leo siandiki zaidi.

Alhamisi, 10 Aprili

Misaada imefika. Unga, maharage, mablanketi, dawa ya kutibu maji. Barabara imekatika, kwa hiyo kila gunia limevushwa kwa boti na kubebwa mabegani. Mratibu wa maafa wa wilaya, Bwana Fidelis, kabeba mwenyewe, suruali kaikunja magotini. Wachimbaji wa Namungo nao wakatokea, vijana kama ishirini, na kamba zao na masepetu. Hakuna aliyewaita. Wamefukua vyoo, wamefukua kisima. Mungu awape dhahabu yote iliyoko chini ya ardhi.

Mama Hajira amechukua uongozi wa jiko. Amenipa sahani ya kwanza mimi. Nikakataa. "Kula, mwanangu, bila wewe tungekula matope."

Nikala. Tonge moja, sahani nikamrudishia.

Ijumaa, 11 Aprili

Niandike ukweli. Humu hasomi mtu.

Jumatatu ile zilibaki nyumba tatu, za ng'ambo ya korongo. Nilimwambia Shaban: wewe kamhamishe mama yako, kule nitapita mimi. Nikafika ukingoni. Maji yalikuwa ya magotini. Magotini tu! Nimeloa, nimechoka, kandambili imekatika. Nyumba mbili nilijua wenyewe wako machimboni Namungo. Nikapiga simu ya Mzee Kaimu — haipatikani. Nikajiambia watakuwa wamesikia spika ya msikiti. Spika ile haifiki kule. Najua haifiki. Nikarudi nyumbani nikanywa chai.

Na jana, kwenye fomu ya tathmini: "Je, kaya zote zilipewa tahadhari?" Ndiyo au Hapana. Nimeweka alama kwenye Ndiyo. Bwana Fidelis kasoma, kanipa mkono. Eti kijiji chetu ni mfano.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Padre hakuweza kuvuka, katekista ameongoza ibada darasa la pili. Familia za Kiislamu zinazolala humo zilitupisha zenyewe, zikatufagilia! Matawi ya mkindu tumeokota yale yaliyoletwa na mto. Tumeimba kwa nguvu. Nimelia, watu wakadhani ni furaha. Nusu ilikuwa furaha.

Mchana — ngurumo barabarani. Greda! Halmashauri ya Nachingwea imewaazima wenzao wa Ruangwa. Dereva ni Jonasi, wa mtaani kwetu kabisa. Ameniletea kifurushi cha mama: kitenge kikavu na korosho za kukaanga. Jumapili hii, na bado kafanya kazi mpaka jua linazama. Wanawake walimpigia vigelegele kila alipogeuza.

Bi Nasma anaendelea vizuri. Homa ya mapafu, lakini imekamatwa mapema. Asante, Mungu. Asante, asante.

Jumatatu, 14 Aprili

Mzee Kaimu na Bi Nasma wamerudi! Kwa gari la wagonjwa, barabara imepitika. Wamepewa hema la kwanza, karibu na bomba. Na halmashauri inapima viwanja huku juu kwa kila aliyeangukiwa nyumba. Sijawahi kuona watu wakishangilia kamba za wapima ardhi.

Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Eustakio, kaja anakimbia. Mkuu wa wilaya anakuja keshokutwa. Mkutano wa hadhara, ngoma, turubai. "Na wewe unapewa cheti! Tahadhari ilifika kila mlango, wamesema."

Kila mlango.

Jumanne, 15 Aprili

Nimekwenda kwenye lile hema. Nilipiga goti kabisa. "Babu, Jumatatu ile mimi sikufika kwenu."

Mzee Kaimu akaunyoosha mguu. Kiswahili anakichagua neno kwa neno.

"Najua. Nilikuona."

Alikuwa anafunga mbuzi. Aliniona nimesimama ukingoni, simu sikioni. "Nikasema, mtendaji anaongea na wakubwa. Ukageuka."

Nikauliza mbona hakusema kwa mtu. Akasema hata boti ni mimi niliyeiita, anajua hilo pia. Ameyaweka yote mawili moyoni.

Bi Nasma akajibu kutoka ndani: "Wewe umeyaweka. Mimi miguu yangu mpaka leo haina nguvu." Mzee akamwambia neno kwa Kimwera. Hakunyamaza. "Mvua ya Mei bado. Wengine watarudi bondeni kulima, huwazuii. Atakayewafuata nani?"

Akanimiminia uji, akanisukumia kikombe. Hakuniambia karibu, hakuniambia ondoka. Nikanywa wote.

Kutoka pale nikaenda kwa Bwana Fidelis, naomba ile fomu. Imeshakwenda mkoani. Nikamweleza kila kitu, hata ile chai. Akashika kichwa. "Dada Agatha, hakuna aliyekufa. Unajiponza bure." Nikasema nataka fomu nyingine. Akafungua gari, akanipa moja, tupu. "Ukiijaza nitaipokea. Lakini kesho cheti kipo kwenye ratiba. Hilo ni lako."

Mtu mwema. Wote ni wema. Hapo ndipo pagumu.

Jumatano, 16 Aprili

Saa nne na nusu. Wageni wamechelewa. Nimejibanza pembeni mwa turubai, naandika haraka haraka.

Fomu nimejaza. Hapana. Chini yake: "Nyumba tatu hazikufikiwa. Mbili hazikuwa na watu. Mtendaji aliishia ukingoni." Iko ndani ya kitenge cha mama, bado sijamkabidhi Bwana Fidelis. Amekaa mstari wa pili, hanitazami kusudi.

Watu wamependeza! Mablanketi ya msaada wamejifunga kama lubega. Mama Hajira na wenzake wana wimbo, jina langu limo, wameurudia mara tatu kwa majaribio. Ninawapenda watu hawa. Sikujua.

Ratiba aliyoshika Eustakio: namba nne, mtendaji anapokea cheti na kusema neno. Neno ninalo. Sijui nikilisema nitabaki na kazi. Sijui wimbo utaishia wapi. Mama amepiga simu asubuhi, nikamwambia tu aniombee, hakuuliza ya nini.

Mzee Kaimu ameletwa kwa bodaboda, amekalishwa mbele, mguu juu ya kigoda. Bi Nasma amekuja kwa miguu yake. Polepole, kwa fimbo, lakini kwa miguu yake! Amekaa pembeni ya mumewe.

Ngoma zimeanza. Gari la kwanza. La pili. Wote wamesimama, wamegeukia barabarani, vigelegele.

Bi Nasma peke yake hatazami magari. Ananitazama mimi.

Eustakio ananiita. Nakwenda, fomu mkononi —