Wageni wa Kitanda cha Jirani

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia hapa Kipawa. Mie mzima. Mjomba wako kahamia Mbeya kikazi, kwa hiyo sasa napika chakula cha mtu mmoja, na bado kinabaki.

Umeniuliza kama nilipovunjika paja ujanani ningeikubali saruji ya kuungia mifupa mnayoitengeneza huko maabara, ile ambayo mwili hauikatai. Ningeikubali, mjukuu wangu. Mfupa wangu ulisagika, nikalala wodini miezi na miezi, mguu umening'inizwa. Ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka Masasi, sina ndugu mjini.

Maumivu niliyazoea. Saa ya kuona wagonjwa ndiyo sikuizoea. Wodi ikijaa watu, mie nageuzia uso ukutani.

Siku moja Mama Tausi, mgonjwa wa kitanda cha jirani, akawaambia nduguze waliokuja kumwona, "Mbona mmejazana hapa? Nusu yenu nendeni kwa yule binti."

Mzee mmoja wao akaja akaketi kando yangu. Akauliza, "Kwenu mnalima nini?"

Nikamjibu, "Korosho," kisha nikaangua kilio. Hakuondoka. Alikaa pale mpaka kengele ya kuwatoa wageni ikalia, na kesho yake akarudi, akataka nimweleze korosho zinavyobanguliwa.

Kazaneni na hiyo saruji, watu wawahi kurudi makwao. Na wewe huko maabara, yupo anayekuuliza habari za kwenu? Hilo hukuniandikia.

Akuombeaye,
Bibi yako Somoe