Jina Langu Juu ya Maneno Yako

Mwanahawa shoga yangu,

Barua inatakiwa ianze kwa kuulizana hali, na mie sina pa kuiulizia hali yako. Basi naanza tu. Ni Jumamosi mchana, nipo shuleni kwetu Gongo la Mboto, nimekalia kiti cha watoto kwa sababu vya walimu vimefungiwa ofisini. Magoti yamefika kidevuni. Ungeniona ungecheka mpaka ukae chini.

Nina jambo la kuungama kwako. Ungekuwa hai ungeshalijua, maana sikuwahi kukuficha kitu. Lakini ungekuwa hai lisingetokea.

Unakumbuka tulivyojaza fomu za chuo. Yaani ulivyojaza wewe, mie nilishika bahasha. Mama mwenye shule alipotuambia hatuwezi kuendelea kufundisha chekechea bila cheti, wewe ulifurahi, mie nikauliza kama hakuna njia nyingine. Miaka tisa tumefundisha chumba kimoja, pazia katikati, wakubwa kwako, wadogo kwangu, na miaka yote hiyo kila kilichohitaji kuandikwa uliandika wewe. Ripoti za watoto wangu. Barua kwa wazazi. Hata ile ya kumwomba radhi mama mkwe wangu kule Tukuyu. Nikija na karatasi unaniangalia, unasema, "Lete hapa, Sekela, usije ukatuaibisha." Unaandika huku unatafuna karanga.

Wiki tatu kabla ya chuo kufunguliwa, kichwa kikakuuma Alhamisi. Ijumaa ukazikwa. Chuo nikaenda peke yangu.

Kipo Temeke, tunasoma kuanzia saa tisa alasiri. Kipindi cha kwanza kabisa kilikuwa Stadi za Uandishi. Darasa zima ni vijana wa juzi, wananiita maza. Mwalimu Lameck naye kijana, shati lake limepigwa pasi mpaka linang'aa. Akafungua orodha, akaanza kuita majina. Akaita, "Mwanahawa Saidi."

Sikutegemea. Hakuna aliyekuwa amewaambia. Akarudia, "Mwanahawa Saidi hajafika?" Watu wakaanza kugeukiana. Mie nikainamia daftari. Akaweka alama, akaendelea na majina mengine.

Ningeweza kusema. Neno moja tu. Sikusema siku ile, sikusema iliyofuata. Wiki tatu akawa anakuita kila Jumatatu na Jumatano, nami nakaa nasubiri afike hapo. Nyumbani hakuna anayekutaja tena, wanaogopa nitalia. Nyuma ya pazia lako wameleta binti mpya, ana adabu, ananipa shikamoo yangu kila asubuhi, lakini wewe hakukujua. Mahali pekee ulipokuwa bado unaitwa kwa sauti ni pale. Nakwambia ukweli, kuna siku nilikuwa nakwenda chuo kwa ajili ya hilo tu.

Wiki ya nne tukapewa kazi. Ukurasa mmoja, kuhusu jambo unalolijua vizuri. Jumapili baada ya kanisa nikakaa mezani. Nikaandika: "Mimi naitwa Sekela. Ninaishi Gongo la Mboto. Gongo la Mboto ni mahali pazuri." Nikachana. Nikaandika tena, yakatoka yale yale. Nikageuka pembeni nikuulize. Ndiyo, niligeuka kabisa, mdomo wazi. Pembeni kulikuwa na kiti chenye nguo za kupiga pasi.

Jumatatu asubuhi nikafungua kabati la shule nikatoa faili lako la kijani. Ile hotuba yako ya mahafali, uliyowasomea wazazi. Mtoto analia siku ya kwanza, ameng'ang'ania sketi ya mwalimu, na siku ya mwisho mwalimu ndiye ameng'ang'ania mkanda wa begi la mtoto, hataki aondoke. Nikainakili yote, neno kwa neno. Nikabadilisha jina la mtoto. Juu nikaandika jina langu.

Nisamehe.

Jumatano mwalimu akaja ameishika mkononi. Akasema atasoma kazi moja tu. Akaisoma vizuri, Mwanahawa, anapumzika pale pale ulipokuwa unapumzika wewe, na pale wazazi walipocheka, darasa nalo likacheka. Msichana anayekaa mbele yangu, Neema, akageuka na machozi, akasema, "Maza, umeniliza." Wakapiga makofi. Mwalimu akaniuliza nani alinifundisha kuandika hivyo. Nikasema, "Rafiki yangu." Akatabasamu, akasema rafiki huyo nimshukuru.

Halafu akaibandika kwenye ubao wa matangazo, pale mlangoni. Nilipita nikaiona, maneno yako yote na jina langu juu. Sijawahi kuwa mpweke namna ile. Ulipozikwa nililia na watu. Pale nilisimama na wanafunzi wananipongeza, na hakuna hata mmoja aliyejua wanayempongeza ni wewe. Nikawaza: huyu mtu kitu alichobakisha ni hiki, nami nimemnyang'anya.

Ilikaa siku tano. Jumatatu nikafika mapema, nikaibandua, nikaenda nayo chumba cha walimu. Nikamwambia, "Mwalimu, hii si yangu. Ni ya Mwanahawa."

Akauliza, "Mwanahawa huyu ninayemwita kila siku haji?"

"Ndiye huyo. Alifariki kabla hatujafungua."

Akauliza kwa nini sikumwambia. Nikamjibu ukweli, kwamba nilikuwa napenda akikuita. Kisha akachukua orodha na rula, akapiga mstari juu ya jina lako taratibu, umenyooka. Nilimtazama mpaka akamaliza. Halafu akaniwekea sifuri, haki yangu kabisa, akanipa wiki moja niandike yangu. Akasema, "Mama, andika hata kibaya. Mie nitasoma."

Nikaandika siku uliyozikwa, kwa sababu hakuna kitu kingine nilichokuwa nakijua vizuri. Kwamba simu ilinikuta Madale saa tano asubuhi, nilikokwenda kumwona dada yangu aliyejifungua. Kwamba nilivuka jiji zima, na nilipofika kivukoni Magogoni pantoni ndiyo kwanza lilikuwa linaondoka, nikasimama kwenye geti nalitazama linavyokwenda Kigamboni bila mimi. Kwamba nilipofika kwenu wanaume walikuwa wanarudi makaburini, wanakung'uta mchanga kwenye kanzu, na wanawake wameshaanza kuosha masufuria. Kwamba nilikaa kwenye mkeka na viatu vyangu mkononi, sijui niviweke wapi, mpaka jioni. Sikuuona uso wako. Hilo nililiandika mwisho, na baada ya hapo sikuweza kuongeza neno.

Ilirudi nyekundu tupu. Amezungushia kila "nilikuwaga". Amesahihisha "halaka" na "balua", makosa yangu yale yale ya Kinyakyusa uliyokuwa unanicheka (hata neno "barua" kule juu nimelifuta mara mbili). Kumi na moja kwa ishirini. Lakini pembeni ya sentensi ya masufuria ameandika kwa penseli: "Hii iache hivi hivi."

Nilishuka ngazi na ile karatasi, natafuta mtu wa kumwonyesha. Neema alikuwa na simu sikioni. Mume wangu aliniuliza kumi na moja ni kufaulu, nikamwambia ndiyo, akasema hongera, akaendelea kula. Si mtu mbaya. Ila hakujua kama hiyo ndiyo karatasi ya kwanza maishani mwangu niliyoandika peke yangu.

Kwa hiyo jana nikavuka kwenda kwa mama yako. Nilikuwa na hotuba yako, nimeinakili upya, jina lako juu kwa herufi kubwa. Macho yake hayaoni maandishi tena, akaniambia nimsomee. Akasikiliza huku anacheka kidogo kidogo, akasema, "Ndiye yeye kabisa. Mtoto yule alikuwa na maneno!" Halafu akaona karatasi nyingine kwenye mkoba wangu. "Na hiyo?" Nikamwambia ni yangu, ni mbaya, imejaa makosa. Akasema, "Soma tu, mwanangu."

Nikasoma. Nilijikwaa mahali pengi. Nilipomaliza alikuwa ameshika ncha ya kanga, hatikisiki. Nikajua nimemuumiza, nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza.

"Mie siku ile sikumbuki kitu. Watu wananiambia walikuja wengi, fulani alikuja, fulani alilia. Sikumbuki hata mmoja. Kumetanda kiza tu. Soma tena, polepole, nijue tulimzika vipi mwanangu."

Nikasoma tena. Akaomba tena. Mara ya tatu, nilipofika kwenye masufuria, akanishika mkono. Akasema aliyekuwa anaosha ni shangazi yako, na alikuwa anasugua sufuria lililokwisha kutakata, anasugua, anasugua, mpaka yeye mama yako mwenyewe akainuka kwenda kumpokonya. Akashangaa. Akasema, "Kumbe nilisimama. Kumbe siku ile nilisimama." Akalia, nami nikalia naye, mchana kweupe, mlango wazi, jirani akachungulia akarudi zake.

Kabla sijaondoka nikaliandika hilo la shangazi yako pembeni ya karatasi.

Shoga, bado mie ni mpweke. Sitaki kukudanganya nawe. Chuoni nakula peke yangu, na nyuma ya pazia nasikia sauti ambayo si yako inafundisha nyimbo zetu. Lakini nakuahidi mawili. Maneno yako sitayagusa tena ila kwa jina lako. Na kila mwisho wa mwezi nitakwenda kwa mama yako na nilichoandika, kiwe kizuri kiwe kibaya, nimsomee mpaka aseme inatosha. Jana aliponisindikiza mlangoni aliniambia mara nyingine niandike ya siku ulipozaliwa. Atanisimulia yeye, nami nitaandika.

Pumzika, Mwanahawa. Kwaheri, shoga yangu.

Mie Sekela