Singo Isiyo na Harusi

Mtopanga, Kisauni
Jumatano jioni

Mama yangu mpenzi,

Ni kigelegele kimoja tu, cha mwanamke mmoja, mchana wa Jumamosi, katika kichochoro kilichokuwa kimya. Kilianza chini kama mtu anayeijaribu sauti yake, kikapanda, kisha kikakatizwa na kikohozi. Tangu siku hiyo nakisikia nikiwa kazini, nikiwa naosha vyombo, nikiwa nainuka kwenye msala. Nitakueleza kilikotoka. Niwie radhi kwa kuanza hivi hata kabla sijakuamkia.

Shikamoo, mama. Sikio la kushoto linaendeleaje? Ile dawa ya matone unaitia, au umeificha tena juu ya kabati useme imekwisha? Na simsim, mmeshavuna, au bado mnawangoja wale vijana walioahidi? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Habari nilizo nazo ni za moyo. Sikukupigia simu kwa sababu simu yako anakaa nayo wifi, na kwa vile husikii vizuri huiweka kwa sauti kubwa, mpaka jirani yetu msusi wa mikeka akanijibu kabla yako. Haya ni yako peke yako. Mwanaisha wa Mjomba Athmani, anayerudi huko kesho alfajiri, akikupa barua hii, vaa miwani uingie nayo chumbani.

Kazi yangu ya maabara pale kiwanda cha sabuni inakwenda vizuri. Mwezi uliopita kiwanda kilipata oda kubwa, tukapewa nyongeza. Nikampa Shangazi Zuhura kodi ya chumba, nikakutumia yako, na bado zikabaki kidogo. Sikuwahi kuwa na pesa ambazo haziitwi na mtu. Nikawa natazama wenzangu wanavyojitunza wakizipata. Msimamizi wetu, mtu mwenye wajukuu, hulipia mchana mmoja katika hoteli ya ufuoni, akakaa kando ya bwawa na viatu vyake, haogelei, anaagiza sharubati tu na kutazama maji. Dereva mmoja wa lori hununua mafuta ya oud ya kweli, hujipaka nyuma ya masikio, kisha huenda kubeba katoni za sabuni. Na Njeri, rafiki yangu kutoka bara tunayefanya naye kazi meza moja, hubandikwa kucha ndefu mpaka inanibidi nimfungulie chupa za sampuli.

Njeri ndiye aliyeniuliza. "Na wewe Saumu, hujinunulii kitu? Unakaa tu kama mtu amefungiwa ndani. Jipatie kitu bana, pesa ni yako."

Nilikuwa najua ninachokitaka, mama, ila nilikuwa sijawahi kukitamka. Unakumbuka Dada Halima alipokuwa akisingwa kabla ya harusi yake? Nilisukumwa nje mlango ukafungwa. Nikakaa ukumbini nikinusa liwa na waridi zikipita chini ya mlango, nikiwasikia wanawake wakicheka kicheko ambacho sijawahi kuwasikia wakikicheka jikoni. Kitu kile ndicho nilichokitaka. Mume hakuwamo katika mawazo yangu. Nilitaka mikono ya mtu inisugue mgongo kwa singo, ule unga wa manukato, nilale kimya, mtu mwingine ndiye afanye kazi.

Najua desturi yetu. Mwari hasingwi. Singo ya kwanza ya mwanamke ni ya harusi yake. Lakini hapa Mombasa, kule barabara kuu ya Malindi, kuna saluni za milango ya vioo zinazomsinga kila anayelipa, wake za watu, wasichana, hata watalii. Ningeingia mojawapo ningetoka kama mtu aliyetoka kusuka nywele, wala hakuna ambaye angenigeukia. Tatizo langu ni kwamba niliogopa vile vioo. Niliogopa mtu wa kwetu asinione. Nikatafuta mahali pa kujificha, nikaambiwa habari za Bi Tima, anayekaa nyuma ya msikiti, hana kibao mlangoni, na singo huiponda mwenyewe. Sikufikiri kwamba kwa Bi Tima huendi ila ukiwa bi harusi. Hilo ndilo kosa langu, na nimelifanya na shahada yangu mkononi.

Alinifungulia mlango akatazama nyuma yangu, kichochoroni. "Umekuja peke yako, mwanangu?"

"Ndiyo, bibi."

"Haya, karibu. Funga leso hii."

Hakuniuliza kitu kingine. Nikashukuru moyoni kwamba nimempata mtu asiyedadisi. Alinilaza juu ya mkeka, akaanza miguuni. Mama, sitakuficha. Tangu nitoke nyumbani hakuna mtu aliyenigusa ila kwa kunipa mkono. Alipofika mabegani nilianza kulia na sikuweza kujizuia.

"Lia," akasema. "Wote hulia."

Nilipaswa kuuliza wote ni nani.

Alipomaliza alinifunika leso kavu, akasimama katikati ya chumba, akapiga kile kigelegele. Nikakurupuka nikakaa. "Cha nini, bibi?"

"Asiye na jamaa wa kumpigia, nampigia mimi," akasema kwa upole, huku akikohoa. "Wanaokuja peke yao siwaulizi jina la bwana. Wengine wanaolewa kwa siri, wana sababu zao. Mungu akusitiri wewe na yeye."

Nikamwambia hakuna yeye. Nikamwambia nimekuja kwa ajili yangu, nina pesa kidogo, nilitaka tu kupumzika. Akaacha kufuta mikono. Akalitazama dirisha, akanitazama mimi.

"Ungeniambia mlangoni," akasema. "Sasa kimeshatoka."

Njiani nilitembea nikiwa nimejifunika buibui hadi puani, lakini harufu haifunikwi. Mama Kadzo, anayekaanga viazi karai penye kona yetu, aliinua uso kabla sijamfikia.

"Bi harusi, hata sahani ya biriani hatukuonja?"

"Mwache mwenzio," akasema mwanamke aliyekuwa akingoja viazi. "Labda bwana mwenyewe ana mke wake."

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hicho ndicho kilichonitia baridi, kwa sababu walikuwa wameshaamini. Nilipofika nikaoga, nikaoga tena kwa sabuni niliyoipima kwa mikono yangu. Mimi ndiye ninayejua vizuri kwamba mafuta ya liwa hushikamana na mafuta ya ngozi na sabuni haiyatoi yote. Nilijua hivyo na bado nikawa najisugua mpaka mikono ikauma.

Shangazi alikuwa amekaa uani akichambua mchele. Akanionyesha kigoda kwa kidevu.

"Ni nani?"

"Hakuna mtu, shangazi."

"Bi Tima hamsingi mtu asiye na mtu."

"Nilijilipia. Nilitaka tu."

"Ulitaka." Akalitamka kama anayeonja chumvi. "Saumu, mimi nina mjukuu humu ndani na tayari wachumba wanamuulizia. Kesho watu watasema nyumba ya Zuhura wasichana huozwa mlango wa nyuma. Marehemu baba yako ni ndugu yangu, na mama yako alikutia mikononi mwangu. Nimwambie nini?"

Alikuwa amesema kweli. Usimchukie, mama. Alikuwa anaogopa kama mimi. Akachambua mchele muda mrefu, kisha akaja na suluhisho lake.

"Ile posa aliyoileta Ami Shee. Ikubali. Nitasema mimi ndiye niliyekupeleka kwa Bi Tima, yalikuwa matayarisho. Singo itakuwa imempata mwenyewe, na midomo itafungwa. Ijumaa nampigia Ami yako. Ama nitamwambia umekubali, ama nitamwambia nilichokinusa. Chagua."

Unaijua posa hiyo. Bakari wa Mokowe, mwana wa rafiki wa Ami, mwenye duka la mabati na misumari. Sina ubaya wa kumsema. Siku alipokuja na dada zake kuniona alikuwa na adabu, ingawa alizungumza zaidi na simu yake. Nilimwomba Ami muda wa kufikiri, nikawa nausogeza mbele mwezi hadi mwezi, kwa sababu yeye, ndugu yake baba, ndiye aliyesimama mahali pake na sikujua namna ya kumwambia sitaki.

Shangazi aliposema vile, nilipata nafuu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Neno ndiyo lilikuwa limeshafika ulimini. Nikauona mwaka mzima mbele yangu ukiwa umetulia, Shangazi akitabasamu, Mama Kadzo akila biriani yake, wewe ukishona nguo za harusi, na mimi nikiwa ndani ya nyumba ya Mokowe, nimeolewa ili harufu ipate maelezo. Nikamwambia Shangazi, "Nitafikiri." Akadhani nimekubali, akaniwekea chai.

Siku zilizofuata nimeziishi kama mtu anayetembea juu ya kigae kilicholowa. Kaka Swaleh, mwana mkubwa wa Shangazi, ameacha kunijibu salamu. Jumatatu aliniandama hadi kituoni, akasimama ng'ambo ya barabara mpaka nilipopanda gari. Jioni akaniuliza mbele ya watoto ninazungumza na nani kwenye simu. Nilikuwa nazungumza na Njeri, nikampa simu asikie mwenyewe. Hakuona haya kuipokea. Simu ikilia kazini nashtuka. Jana nimeangusha chupa ya sampuli, na Njeri akanivuta pembeni.

"Si ulisuguliwa tu? Kwani umeua mtu? Nyinyi watu wa huku mna mambo."

Ningemweleza vipi? Kwake yeye ni mgongo uliosuguliwa. Kwetu ni kama nimelala kwenye kitanda kilichotandikiwa mwengine. Na hata mimi, mama, pamoja na kusoma kwangu, usiku ninapofumba macho huwa nashuku kwamba labda wao ndio wanaojua vizuri nilichokifanya.

Leo mchana, wenzangu walipokwenda kula, nilisimama nyuma ya mapipa ya magadi nikampigia Ami mwenyewe. Sikutaka Ijumaa inikute.

"Kuna nini, mchana huu?" akauliza baada ya salamu.

Nikamweleza tangu mwanzo, pesa, Bi Tima, kigelegele, Shangazi. Nilikuwa nimeegemea pipa. Hakunikatiza. Nilisikia mtu dukani kwake akiulizia bei ya kamba, na Ami asimjibu.

"Nani alikushauri?"

"Sikushauriwa na mtu, Ami."

"Umesingwa na huna mume."

"Ndiyo."

"Na posa ya watu?"

"Jibu langu ni hapana. Ningekwambia zamani, nilikuwa nakuogopa."

"Na sasa huniogopi?"

"Nakuogopa. Nakwambia huku nakuogopa."

Akamwambia mteja wa kamba arudi baadaye, kisha akaniuliza, "Mama yako anajua?"

"Atajua kesho."

"Ijumaa baada ya swala nakwenda Witu kwake. Nikimkuta hajui, nitajua na haya mengine yote ni uongo." Akakata.

Basi ndiyo sababu ya barua hii kuja mbio. Sijui Ami ameamini nini na hakuamini nini. Sijui kama atakuja kunichukua, wala Shangazi hajui kwamba nimeshampigia. Nitamwambia leo hii nikishaifunga bahasha, na huenda usiku huu nikalala kwa Njeri. Sikuombi unitetee mbele ya Ami. Sikuombi hata useme nimefanya vyema, kwa sababu naijua rangi ya uso wako unaposoma haya. Nakuomba jambo moja. Atakapokaa kwenye kiti cha baba, akaanza kukueleza kwa sauti ile ya msiba, umwambie, "Najua. Ameniandikia mwenyewe." Maneno hayo tu. Mengine yote unikasirikie nikija, nitakaa nikusikilize.

Nisalimie Dada Halima, na umwambie sasa najua walikuwa wakicheka nini nyuma ya ule mlango. Nisalimie wifi na simu yake, Mjomba Athmani aliyemruhusu Mwanaisha kuja kunitazama, na jirani msusi wa mikeka, ambaye safari hii hatasikia kitu. Watoto wote uwabusu.

Liko moja limebaki, na nakuandikia likiwa limeshafanyika. Dada zake Bakari waliponijia walinipa doti ya leso na kikuku cha fedha, nami nikavipokea, jambo ambalo kwao lilikuwa nusu ya kukubali. Leo nilipotoka kazini nilivichukua chumbani, nikavifunga kwa karatasi, nikaandika jina la mama yake na maneno mawili ya shukrani na ya radhi, nikavipeleka ofisi ya basi la Mokowe. Karani aliniuliza kama ni vitu vya kuvunjika, nikamwambia la. Akakiweka kifurushi juu ya magunia ya vitunguu, nikasimama pale nikitazama mpaka wapakizi wakakiingiza ndani ya basi na kufunga mlango wa mizigo.

Mwanao,
Saumu