Ngozi ya Mpunga

Usangu, Julai 1976

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku wote wazima, na mjukuu wako Kalista ameota meno, anamng'ata kila anayembeba.

Tulipohamia huku ulituonya kwamba wageni watatumaliza. Mwaka jana hatukuwa na mbegu wala plau, na tajiri mmoja alitaka riba yake hata tukikosa mavuno. Bwana Zuberi, Mwislamu mwenye duka Uyole, akasema dini yake haitaki riba: yeye atoe mbegu na plau, sisi tulime, mavuno tugawane. Kanisani wakatucheka, eti tutasilimishwa. Mimi nikacheka zaidi. Si ndivyo ulivyompa Mzee Mihayo ng'ombe akutunzie, mkagawana ndama, na ng'ombe alipokufa akakuletea ngozi iwe ushahidi, yakaisha bila deni?

Basi mafuriko yakala mpunga wote. Sikukuandikia, Baba. Mume wangu Nkuba alikuwa hali chakula. Nikafunga mashina yaliyooza, nikapanda lori hadi Uyole, nikayabwaga mezani kwa Bwana Zuberi.

"Nini hii, Mama?"

"Ngozi," nikamwambia, nikamweleza desturi yetu. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka, akanipimia mbegu nyingine.

Mwaka huu magunia yamejaa nyumba, sisi tunalala jikoni! Juzi Bwana Zuberi alipofika kuchukua fungu lake, alisimama mlangoni akauliza, "Ngozi iko wapi?"

Nkuba akaruka: "Safari hii ng'ombe yuko hai, Bwana! Ingia tumkamue!"

Usituite turudi, Baba. Huku nako wapo watu wanaopokea ngozi.

Binti yako,
Mbuke