Turubai Mlangoni kwa Bi Rukia

Mji wa Kale, Mombasa

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi barazani na goti halikusumbui. Kikohozi cha baba je, kimetulia? Mimi ni mzima wa mwili, ila yamenifika makubwa. Jana nilijaribu kukueleza kwenye simu ukadhani nacheka. Sikuwa nacheka, mama.

Unalijua lile gari kuukuu la mkate nililonunua ili niuze viazi karai kule ufukweni Mama Ngina. Jua la pale halina huruma. Mteja akishatiliwa ukwaju wake huondoka kutafuta kivuli kwa wenzangu. Nikaamua kulitengenezea kivuli kwa mikono yangu. Nilipata turubai la kijani kwa fundi wa mashua Liwatoni, nikapinda kingo, nikatia pete za chuma, nikafunga bomba juu ya paa la gari. Miguu ya mbele ya kulishikilia turubai ilikuwa bado kwa mchomeleaji. Lakini mwanao unamjua, subira hana. Gari nikaliegesha mlangoni kwa Bi Rukia, mwenye nyumba wangu, upande wa pili wa turubai nikaufunga kwenye nondo za dirisha lake la chini, nikaazima viti vya plastiki msikitini nione wateja wangapi wataenea. Nikapendezwa na kazi yangu, kisha nikaenda kuifuata ile miguu.

Turubai, viti, na mlango wa mgonjwa. Nadhani wewe ushajua kilichofuata.

Bi Rukia alikuwa kitandani orofani tangu mwezi uliopita, hateremki ngazi. Mwanawe wa pekee, Swaleh, yuko ng'ambo ya feri tu, Likoni, lakini tangu aoe mke ambaye mamake hakumtaka hajakanyaga pale. Kila jioni nikimpelekea uji, Bi Rukia huniuliza ni nani aliyepita njiani leo. Jina halitaji, ila namjua anayemngoja.

Niliporudi nilikuta viti vimejaa. Wazee wa kanzu, tasbihi mikononi. Muuza kahawa ameweka dele, birika lake, chini anagawa bure. Nilifurahi, mama, nikadhani wamekipenda kivuli changu. Kisha mzee mmoja akanishika mkono akasema, "Mola akupeni subira." Ukumbini nikasikia wanawake wanalia, wakidhani huko juu maiti anaoshwa. Jioni ya kuamkia siku ile nilimwacha hai, na uji amemaliza. Sikuuliza, nani huuliza matangani? Wao waliona turubai wakaketi, nami niliyelifunga nikawaona walioketi nikaamini.

Nikampigia Swaleh simu. "Ndugu yangu," nikamwambia, "mamako hatunaye." Nilisikia simu ikianguka.

Baada ya kama saa moja wazee walikuwa katikati ya kusoma Yasin kilio cha ndani kilipokatika ghafula. Ukapigwa ukelele mmoja, mlango ukafunguka, akatoka Bi Rukia, ameshika ukuta.

"Ni nani aliyefariki?" akauliza. "Mbona hamukunambia?"

Muuza kahawa alipiga dele teke likamwagika lote. Mzee mmoja alisimama, akaketi, akasimama tena. Mimi nilinyoosha kidole kwenye turubai. Bi Rukia akalitazama, akalitazama gari, akavitazama viti, kisha akanitazama mimi. Nikajua usiku ule nitalala nje.

Kabla hajafungua kinywa, Swaleh akatokea kwenye kona anakimbia, kiatu kimoja, kifurushi kwapani. Alipomwona mamake alikauka pale pale. Bi Rukia akamwendea polepole, akakitwaa kile kifurushi, akakifungua. Ilikuwa sanda. Akaipapasa kwa vidole kama aichaguaye dukani.

"Nguo nzuri," akasema. "Miaka yote hii hukuniletea hata leso moja, leo waja na sanda."

Swaleh alianguka miguuni pake akalia hata wazee wakageuza nyuso. Nami nililia. Mamake akamwekea mkono kichwani.

"Inuka. Hii 'taiweka, itanifaa siku yake. Mkeo yu wapi?"

"Yuko nyumbani, mama."

"Kamtwae. Na wewe Shee, turubai usilifungue. Watu wamekuja kula matanga yangu, wape wale."

Nikakaanga viazi vyangu vyote. Leo sina cha kuuza, na turubai bado liko dirishani. Mke wa Swaleh yuko chini anaosha masufuria, na Bi Rukia, aliyekuwa hateremki ngazi, amemsimamia anamkosoa kila sufuria.

Nisalimie baba. Nisalimie dada yangu mshona kofia na mumewe mvuvi wa kamba. Mjomba mwadhini mwambie aniombee akili, na shangazi anayewahi misiba yote mwambie naye awe anauliza kwanza kabla ya kulia.

Aliyekuletea barua hii amebeba pia leso, jozi moja, ya rangi uipendayo. Usizitie sandukuni kungoja Idi. Jifunge leo.

Mwanao,
Shee